Somo: Kuhamisha hati ya Kiinuktituti kutoka fonti za zamani hadi Unicode

Ukifungua faili la miaka ya 1990 kutoka Nunavut, kaskazini mwa Kanada, ukakuta "kNK5" mahali pa jina la eneo lenyewe, usilifute. Halijaharibika. Enzi hizo silabi za Wainuit, yaani alama wanazoandikia lugha yao ya Kiinuktituti, hazikuwa na namba zake kwenye kompyuta, basi waliotengeneza fonti kama Nunacom na ProSyl walizichora juu ya herufi za Kilatini: k ikaonekana ᓄ, N ikaonekana ᓇ, K ikawa ᕗ, na 5 ikawa ᑦ. Mwenye fonti husoma ᓄᓇᕗᑦ. Asiyekuwa nayo huona Kilatini kilichovuliwa kanzu. Unicode, mfumo unaoipa kila herufi ya dunia namba yake, ndiyo iliyozipa silabi hizi makao katika toleo la 3.0 la mwaka 1999, U+1400 hadi U+167F.

1. Tambua. Chagua maandishi yote, weka Arial. Silabi zikibaki silabi, hati iko sawa, ishia hapo. Zikigeuka Kilatini, rudisha fonti ya awali na uendelee.

2. Toa nakala, kisha zima masahihisho ya moja kwa moja. Usiliruke hili. Programu ikikuza herufi ya mwanzo wa sentensi, kNK5 inakuwa KNK5, yaani ᕗᓇᕗᑦ, neno lisilokuwepo, na hutajua limeingia lini.

3. Tenganisha lugha. Hati nyingi zina Kiingereza humo humo. Badilisha sehemu zenye fonti ya zamani tu. Ukipitisha hati nzima, hata 5 ya mwaka 1995 itageuka ᑦ.

4. Badilisha kwa jedwali la fonti husika, yaani orodha inayoonyesha herufi ipi ni silabi ipi, ukitofautisha herufi kubwa na ndogo. Anza na irabu ndefu. Kwenye fonti za zamani nukta ya juu inayoonyesha urefu huo mara nyingi ni alama inayojitegemea, lakini Unicode ina ᓅ nzima yenye namba yake, U+14C5. Ukianza na k peke yake, utabaki na nukta zinazoelea ovyo.

5. Kagua. Kwenye Word, weka kishale baada ya ᓄ, bonyeza Alt na X: itokee 14C4. Halafu mpe msomaji wa Kiinuktituti aipitie. Jedwali halijui maana.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimemaliza hatua zote lakini naona visanduku vitupu. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hujakosea. Kama namba ni sahihi, kifaa chako kinakosa fonti tu. Weka Noto Sans Canadian Aboriginal, au Euphemia kama unatumia Windows. Visanduku ni afadhali kuliko kNK5: maandishi yapo, na mwenzako atayasoma.

Swali: Kwa nini ᓄ inaitwa NO kwenye orodha ya Unicode, na Wainuit wanasema nu?

Jibu: Kwa sababu kundi hilo la silabi linatumiwa na lugha kadhaa za Kanada, Kikrii ikiwemo, na majina hufuata matamshi ya kwao. Usijaribu kulirekebisha, majina ya Unicode hayabadilishwi.

Swali: Mimi huandika ᐸ kwa kutumia alama ya "ndogo kuliko", zinafanana. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, ndugu. Jicho litadanganyika, utafutaji hautadanganyika. Kwenye ukurasa wa wavuti alama hiyo inaweza hata kusomwa kama mwanzo wa amri, sentensi ikamezwa. Mtego ni uleule kwa ᒪ na L, ᑯ na d, ᑭ na P.

Swali: Na silabi za kwetu Afrika je? Kivai cha Liberia?

Jibu: Kimo tangu Unicode 5.1, mwaka 2008, U+A500 hadi U+A63F. Ukiwa na hati ya Kivai iliyochapwa kwa fonti ya kujitengenezea, fuata hatua hizi hizi, ila tafuta kwanza jedwali la fonti hiyo. La Nunacom halitakufaa.