Jinsi ya Kusuluhisha Mgogoro wa Ukuta Baina ya Majirani wa Lamu

Anayeitwa kusuluhisha majirani wanaogombania ukuta aanze kwa kuwauliza, mbele ya mashahidi, wanataka awapatanishe au awaamulie. Mpatanishi huwasaidia wenyewe wafikie neno moja, na kila mmoja ana haki ya kuinuka akaondoka bila ya kufungwa na lolote. Mwamuzi husikiliza pande zote mbili, kisha hutoa uamuzi unaomfunga hata yule usiompendeza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inazitambua njia zote mbili. Wakichagua uamuzi, makubaliano yao yaandikwe kabla ya kikao, kwani sheria ya uamuzi wa nje ya mahakama ya mwaka 1995 inataka maandishi, na anayetaka uamuzi utenguliwe ana miezi 3 tu ya kwenda mahakamani, tena kwa sababu chache.

Kwa ukuta, mimi napendelea upatanisho, maana watu hawa wataendelea kukutana katika kichochoro ambacho punda mwenye mzigo akipita, anayekuja hana budi kujibana.

Msikilize kila mmoja faraghani kwanza, bila ya kumkatiza. Kisha pandeni nyote darini, mmwage ndoo ya maji na mtazame yanakokwenda. Mara nyingi kinachodaiwa kuwa ni mpaka huwa ni mlizamu unaoteremsha maji juu ya ukuta wa jirani hadi chokaa ikabambuka na mawe ya matumbawe yakabaki wazi, na wote wawili wakishaliona jambo hilo kwa macho yao, mazungumzo huhama kutoka kwa nani mkosa hadi kwa maji yaelekezwe wapi kabla ya masika. Hapo ndipo pa kukaa kwa muda mrefu, wala usiharakishe kutoa rai yako.

Yako mambo yasiyo yako. Mpaka wa ardhi iliyosajiliwa huamuliwa kwanza na msajili wa ardhi, kwa sheria ya mwaka 2012. Mirathi ya Waislamu wanaokubali mamlaka yake ni ya Kadhi. Na ukuta wa mji wa kale, ulio katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, usiguswe kabla ya kuwauliza watu wa makumbusho.

Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili chepesi: nani atanunua chokaa, nani atamlipa fundi, na kazi iishe lini. Wasipoafikiana, usigeuke mwamuzi papo hapo, hata wakikuomba, kwa sababu umeshasikia siri za kila mmoja ambazo mwenziwe hakupata nafasi ya kuzijibu. Washauri wamtafute mtu mwingine.