Mteja wa sanaa amehama: namna ya kumfuata na kumuuzia

Kazi yangu ni kusimamia wasanii. Wengi ni wanamuziki, wachache ni waandishi wa vitabu, na yupo mtengenezaji filamu mmoja. Karibu wote huniletea swali lile lile: "Watu wanasikiliza, wanatazama, wanasifia, mbona hawanunui?" Wananunua. Ila wanachokilipia sicho walichokuwa wakilipia zamani, na wanalipia mahali pengine. Nitaeleza hapa ninavyomtafuta mteja huyo kila tunapotoa kazi mpya, nawe uifanye kazi hiyo mwenyewe hata kama huna meneja.

Kwanza elewa alivyohama, maana hakuamka siku moja akabadilika. Mwaka 1999 Napster, programu ya kubadilishana nyimbo kwa intaneti, iliwazoesha watu kupata wimbo bila kutoka nyumbani na bila kulipa. Mahakama za Marekani zilisababisha ifungwe mwaka 2001, lakini mazoea yalikuwa yameshaingia. Mwaka 2003 Apple ikafungua duka la iTunes, ikauza wimbo mmoja mmoja, na albamu ikaanza kuvunjika vipande vipande: aliyependa wimbo mmoja hakulazimika tena kuchukua na ile mingine yote. Spotify ilipoingia sokoni mwaka 2008, hata kununua huo wimbo mmoja kukawa hakuna haja. Unalipa kwa mwezi, au unavumilia matangazo, halafu unasikiliza chochote. Filamu nazo zikapita njia hiyo. Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta, ilianza kuonyesha filamu kwa intaneti mwaka 2007.

Jambo kubwa katika historia hii, ambalo wasanii wengi hawalioni, ni kwamba mpangilio wa malipo umegeuka. Zamani mtu alilipa kwanza, akasikiliza baadaye. Kwa kuwa pesa ilikuwa imeshatoka, aliuvumilia hata wimbo asiouelewa, akaurudia mpaka ukamkolea. Leo anasikia kwanza, anazoea, anafuatilia, na pesa inakuja mwisho kabisa kama itakuja. Ule uvumilivu uliokuwa ukinunuliwa pamoja na albamu sasa lazima uutafute mwenyewe.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike sehemu tatu: anaponikuta, anapokaa nami, anaponilipa. Usijaze kwa kukisia. Waandikie mashabiki wanaokujibu mara kwa mara, uwaulize jambo moja tu: "Mara ya kwanza ulinijulia wapi?" Usiwaulize wanapenda nini, kwa sababu hapo watakupa majibu ya adabu. Swali la mara ya kwanza linaleta tukio halisi: video fupi aliyotumiwa na dada yake, orodha ya nyimbo za kukimbilia mazoezini, podikasti uliyohojiwa ukaisahau. Mara nyingi utakuta mahali unapohangaika kila siku hapajatajwa na mtu hata mmoja.

Baada ya hapo fungua takwimu za kazi yako. Watu hukimbilia idadi ya waliotazama, mimi nakwenda kwenye ule mstari unaoonyesha watazamaji wamebaki mpaka sekunde gani. Chukua mwanamuziki mmoja ninayemsimamia: wimbo wake ulianza na kinanda kitupu kwa muda mrefu, kinapanda polepole, kisha sauti inaingia. Kwenye video mstari ulianguka mapema, kabla hajaimba neno. Waliobaki mpaka sauti ilipoingia, karibu wote walifika mwisho. Huo mstari ulituambia mambo mawili kwa wakati mmoja: wimbo ni mzuri, na mlango wake uko mbali. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30, kwa hiyo huko nako, anayetoka kabla ya hapo hata hesabuni haingii.

Wengi wangemshauri akate kinanda. Sikumshauri hivyo, na wewe usikubali kirahisi. Tulitoa kipande kifupi kinachoanzia kwenye kiitikio, tukakisambaza peke yake kama mwaliko, na wimbo wenyewe tukauacha ulivyo. Sikubaliani kabisa na wanaosema watu wa siku hizi hawana subira. Ni watu hao hao wanaokesha na tamthilia nzima usiku kucha, na wanaosikiliza mazungumzo ya saa tatu wakiwa njiani. Subira wanayo tele, ila hawampi mtu wasiyemjua. Kazi ya kipande kifupi ni kukujulisha. Kazi ndefu ibaki ndefu kwa ajili ya aliyekwisha kukujua.

Tazama pia ni wangapi wameuhifadhi wimbo kati ya waliousikia. Aliyehifadhi ana nia ya kurudi. Na usitawanye nguvu: tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Nyimbo kumi zenye wasikilizaji haba zinaweza zisikupe kitu, ilhali mmoja uliousukuma vizuri ungevuka.

Tuje kwenye pesa. Mteja ameacha kulipia nakala, lakini kulipia ukaribu hajaacha. Majukwaa kama Bandcamp, lililoanza 2008, Kickstarter la 2009 na Patreon la 2013 yamesimama juu ya jambo hilo: mtu anamlipa msanii moja kwa moja, na wakati mwingine hata kupita kiwango kilichoombwa. Hata santuri zimerudi. Mwaka 2022 Marekani iliuza santuri nyingi kuliko CD, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Anayenunua santuri kwa kawaida wimbo anao tayari kwenye simu. Anachotaka ni kitu cha kushika, jalada la kutundika, alama ya kwamba yeye ni wa msanii huyu.

Jiulize basi una nini ambacho simu haiwezi kumpa. Mwandishi mmoja tuliuza naye kitabu pamoja na kurasa za rasimu yake, zenye mistari aliyoifuta kwa kalamu na maneno aliyoyarudisha pembeni. Kurasa hizo ndizo zilizokwisha kwanza. Wasomaji walitaka kuona mkono wa mtu ukifanya kazi. Kwa mwanamuziki inaweza kuwa daftari la mashairi, rekodi ya mazoezi yenye makosa yake, au jioni ya kusikiliza albamu pamoja naye kwa wachache. Toa nakala chache, zipe namba, na ukisema hutazichapa tena, usizichape tena.

Kisha ipime njia ya malipo. Mtafute mtu ambaye hajawahi kununua kazi yako, mwambie anunue kwa simu yake mwenyewe, halafu nyamaza. Usimwelekeze. Angalia kidole chake kinasita wapi. Anabonyeza kiungo, kinampeleka kwenye ukurasa wenye viungo vingine vingi. Anachagua kimoja, anaombwa kufungua akaunti. Anaandika nywila, inakataliwa. Anatabasamu na kurudisha simu mfukoni. Yule shabiki aliye mbali huondoka hapo hapo, tena wewe hutajua. Punguza hatua moja, mpe mtu mwingine ajaribu, punguza nyingine.

Mashabiki wa leo pia hawakai wakitazama tu, wanaichukua kazi na kuitengeneza upya: wanaicheza, wanaiimbia, wanaiwekea picha zao. Waache, lakini sajili hakimiliki zako kabla hujatoa chochote. YouTube ina mfumo wa Content ID unaotambua sauti yako ndani ya video za wengine, na mwenye haki anaweza kuchagua kuizuia video, kuifuatilia tu, au kuchukua mapato ya matangazo yake. Kwa msanii mchanga, mapato ni bora kuliko kuzuia. Ukiifuta video ya shabiki umemwondoa mtu aliyekuwa anakutangaza kwa mapenzi yake.

Kila anayenunua, omba anuani yake ya barua pepe na uitunze mahali pako. Wafuasi wako kwenye jukwaa lolote wako chini ya sheria za jukwaa hilo, na sheria hubadilishwa bila wewe kuulizwa.

Rudia lile swali la mara ya kwanza kila unapotoa kazi mpya, uandike majibu karibu na ya zamani. Mahali ambapo hapatajwi tena, punguza muda wako hapo, na mahali panapoanza kutajwa na watu wasiojuana, peleka kazi yako inayofuata hapo kwanza.