Somo: Choo cha vitufe viwili kisikumalizie tangi usiku

Shangazi yangu wa Wete alinipigia simu baada ya sala ya alfajiri. "Mwanangu, tangi la nyumba limekauka, na jana usiku lilikuwa limejaa pomoni." Mfereji uliobaki wazi hakuna, bomba halijapasuka. Maji yote yalishukia chooni kimyakimya, tena choo chenyewe ni kile cha vitufe viwili tulichomnunulia ili abane maji. Fundi kamwambia mashine nzima ya ndani ya tangi la choo ing'olewe, inunuliwe mpya. Haikung'olewa. Kilichokuwa kibovu ni raba moja tu, imeshika chokaa.

Vyoo vingi vya siku hizi, kitufe kidogo hutoa lita 3 na kikubwa lita 6. (Cha mwanzo kilitengenezwa Australia mwaka 1980 na Bruce Thompson wa kampuni ya Caroma, kikitumia lita 5.5 na 11.) Nyumba ya watu 6, kila mmoja akiingia mara 5 kwa siku: mkibonyeza kikubwa kila safari, ni lita 180. Mkiweka kikubwa kwa haja kubwa ya mara moja na kidogo kwa zilizobaki, ni lita 108. Na sisi tunaochamba kwa maji hatuna karatasi ya kusukuma, kidogo kinatosha.

Hatua ya 1: jua kinavuja wapi
Fungua kifuniko cha tangi dogo la choo, ila usikivute kwa nguvu, maana vitufe huwa vimekishika. Zungusha pete ya vitufe kinyume cha saa mpaka itoke, ndipo unyanyue. Kilaze juu ya kanga kuukuu. Ukikivunja utatafuta cha saizi yake mpaka uchoke.

Tazama lile bomba lililosimama katikati. Maji yakimwagikia ndani yake, tatizo ni boya, kile kinachoelea na kufunga maji tangi likijaa: lishushe mpaka maji yasimame sentimita 2 hivi chini ya mdomo wa bomba hilo. Kama maji yako chini ya hapo na bado yanapungua, tia rangi ya biriani kijiko kimoja ndani ya tangi, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, raba ya chini haifungi.

Hatua ya 2: toa mnara
Funga koki ya pembeni, flashi tangi liishe maji. Shika ule mnara wa plastiki uliosimama katikati ya tangi, uzungushe robo kwa upande wa kushoto, uinue. Usipozunguka, usitumie koleo, chungulia kwanza vishikizo vyake. Plastiki hii ikikatika ndiyo hapo fundi anakuwa na haki ya kukuuzia mashine nzima.

Hatua ya 3: raba
Hapa ndipo penye kazi. Visiwa vyetu vina mawe ya chokaa tele ardhini, na ule ukoga mweupe unaouona ndani ya birika ndio huo huo unaokaa juu ya raba. Punje moja ikitosha kuinua ukingo, maji yanapita. Na usidharau uzi mwembamba wa maji: ukivuja glasi moja ya mililita 250 kila dakika 2, kwa siku ni lita 180.

Chomoa raba iliyo chini ya mnara, iloweke kwenye siki saa nzima, kisha ifute kwa kitambaa. Ndimu nayo yafaa. Usiikwangue kwa kisu. Pale inapokalia chini ya tangi pitisha kidole uzunguke. Ukihisi ukwaru, pafute kwa siki pia. Raba ikiwa imepinda au imekuwa ngumu, hiyo imekwisha.

Hatua ya 4: vijiti vya vitufe
Rejesha raba na mnara mahali pake. Kijiti kinachoshuka kutoka kwenye kitufe kikiwa kirefu, kinaukandamiza mnara saa zote na maji hayakomi. Kikiwa kifupi, unabonyeza mpaka kidole kinauma. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya kijiti na mnara, vitufe vikiwa vimetulia. Fungua koki, jaribu vyote viwili.

Masuali

Wa Bububu: Kaka, changu vitufe vyote viwili vinatoa maji sawasawa.

Jibu: Tazama kwanza vijiti visije vikawa vimebadilishana. Kama viko sawa, tafuta boya dogo ubavuni mwa mnara. Ukilipandisha, mnara unafunga mapema na flashi ndogo inapungua. Sogeza alama moja, jaribu, kisha tena.

Wa Kiembesamaki: Assalamu alaykum. Langu linachukua nusu saa kujaa. Maji yanatoka tangi la juu ya bati.

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Tangi lililo mita 3 juu ya choo linasukuma kwa kiasi cha bar 0.3 tu (bar ni kipimo cha nguvu ya msukumo). Vali nyingi za boya huja na kizibo kidogo cha kupunguza kasi, kilichowekwa kwa maji ya nguvu. Kitoe. Na usafishe kichujio cha pale mpira unapoingia. Mchanga wa kisima hujaa hapo.

Wa Chake Chake: Flashi inatoka vizuri lakini haja haishuki.

Jibu: Mwaga ndoo ya maji kwa mkupuo mmoja. Ikishuka, tangi halitoi maji ya kutosha au matundu ya chini ya ukingo yamezibwa na chokaa. Isiposhuka, hilo si tatizo la vitufe, angalia bomba na karo.

Wa Mwanakwerekwe: Vipi vile vidonge vya dawa vya kutia ndani ya tangi?

Jibu: Vyenye klorini vinakula raba. Tia dawa kwenye bakuli. Na usichanganye klorini na siki hata kidogo, inatoka hewa ya sumu.

Wa Bububu tena: Raba nishaitoa, imekuwa ngumu. Fundi ananambia haiuzwi peke yake.

Jibu: Itie mfukoni, nenda nayo maduka ya vifaa vya ujenzi, Darajani au hapo Mwanakwerekwe. Upana wa nje na tundu la kati vyote vilingane na ya zamani, usichukue kwa kukisia. Leo usiku, kama raba ni bapa pande zote mbili, igeuze juu chini uirejeshe. Ikiwa bado inavuja, funga koki ukienda kulala.