Barua ya ndoano: itambue, kisha ishitaki kabla hujaifuta

Kijana mmoja aliingia kwenye sekretaria yangu, mtaa wa Kenya (Kenya ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi), akaomba nimskanie karte yake ya uchaguzi pande zote mbili, halafu nimpige picha ameishika karibu na uso. Nikamuuliza ni za nini. Akanionyesha imeili kwenye simu: kampuni ya madini imemchagua kuwa fundi umeme, dosye (faili ya maombi) ikamilike kabla ya saa kumi na mbili jioni. Logo ipo, sahihi ya mkurugenzi ipo, Kifaransa safi kuliko changu. Kazi yenyewe hakuwa ameiomba.

Kwa Kifaransa hila hii ni hameçonnage, kutoka hameçon, yaani ndoano. Kwa hiyo mimi naiita barua ya ndoano. Wengi wanadhani mvuvi anatafuta falanga tu. Hapa kwetu mara nyingi anaanza na karte, kwa sababu karte ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chetu: ndiyo tunayoandikishia laini ya simu. Mwenye picha yake pamoja na uso wako anaweza kujaribu mengi kwa jina lako.

Hatua ya 1. Jina la mtumaji liache, soma anwani. Kwenye Gmail ya simu gusa "à moi" chini ya jina. Anwani kamili itatokea. Lile jina la juu kila mtu huliandika apendavyo, hata mimi naweza kujiita Gavana leo hii. Tuseme tovuti ya kampuni ni mgodiwetu.cd. Basi utegemee imeili zake ziishie @mgodiwetu.cd. Ile ya @mgodiwetu-ajira.com inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, na ya @gmail.com hufunguliwa na yeyote.

Hatua ya 2. Kiungo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo samaki wengi wanaponasa. Weka kidole juu ya kiungo bila kukiachia mpaka anwani ijitokeze, kisha isome bila kuifungua. Mfano:

https://mgodiwetu.cd.dosye-kazi.top/karte

Ruka ile https:// ya mwanzo, tafuta mkwaju (/) unaofuata, halafu rudi nyuma. Kilicho karibu na huo mkwaju ndicho mwenye nyumba: dosye-kazi.top. Hayo maneno "mgodiwetu.cd" mbele yake ni pambo la mlangoni tu. Na kile kikufuli kwenye kivinjari kisikutulize. Maana yake ni kwamba mnayoandikiana yamefichwa njiani. Hakisemi unaandikiana na nani. Mwizi naye hukipata, tena bure.

Hatua ya 3. Inataka nini, na kwa haraka gani? Neno la siri, PIN ya mobile money, kodi (tarakimu za kuthibitisha) iliyokuja kwa SMS, picha ya karte: ukiona moja ya hayo pamoja na saa ya mwisho, simama. Makosa ya lugha yaliwahi kuwa kipimo kizuri. Siku hizi yasikutie moyo yakikosekana.

Hatua ya 4. Uliza kwa njia ambayo barua haikukupa. Namba iliyo ndani yake itapokelewa na mvuvi mwenyewe. Nenda ofisini, nauli ya taksi-bisi ni ndogo.

Hatua ya 5. Shitaki, ndipo ufute. Watu wanaruka hatua hii, na ndiyo inayomsaidia jirani. Fungua Gmail kwenye kompyuta, bonyeza vitone vitatu pembeni ya barua, chagua "Signaler comme hameçonnage". Ile ya "spam" ni kwa matangazo ya kusumbua. Kisha itume barua hiyo kama kiambatisho kwa reportphishing@apwg.org, sanduku la Anti-Phishing Working Group, kundi la kimataifa linalokusanya barua za namna hii. Nasema kiambatisho ili zile habari za njia iliyopitia zisipotee. Mwisho ijulishe kampuni ambayo jina lake limetumiwa.

Maswali niliyoulizwa

*Mama wa Katuba:* Yaya, mimi nilishajaza neno la siri kwenye ukurasa wao. Nimekwisha?

Hapana, Mama, ila fanya leo. Badilisha neno la siri, toa vifaa vyote usivyovitambua, washa uthibitisho wa hatua mbili. Halafu ingia kwenye mipangilio uangalie vichujio na sehemu ya kuelekeza barua kwingine. Mwizi hupenda kuacha bomba pale: unabadili ufunguo, yeye anaendelea kupokea barua zako.

*Mwanafunzi, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi):* Nikiifungua tu bila kubonyeza kitu?

Kwa kawaida hakuna baya, ila picha zilizomo zinaweza kumjulisha kwamba umeifungua. Usimjibu, hata kumtukana.

*Dada wa Kamalondo:* Yangu inasema ni ya ONU, wanataka dola za uchunguzi wa daktari.

Umoja wa Mataifa unasema wazi kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Shitaki.

*Papa wa Ruashi:* Mimi nilishatuma falanga kwa mobile money. Nilalamike wapi?

Papa, kwanza pigia kampuni ya simu mara moja ukiwa na namba ya muamala. Kisha chapisha barua yote na SMS, uzipeleke kwa OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) au parquet (ofisi ya mwendesha mashtaka). Tuna Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, tangu tarehe 13 Machi 2023. Sitakudanganya, falanga mara nyingi hazirudi. Lakini kama ulituma na karte, lile lalamiko lenye tarehe ni ngao yako siku laini iliyoandikishwa kwa jina lako itakapotumika kuiba.

*Mwanafunzi, UNILU:* Na yule kijana?

Sikumskania. Tulishitaki barua pamoja, akaenda kwa OPJ na makaratasi yake. Lakini aliniambia wakati anaondoka: alikuwa ameshapiga picha upande wa mbele kwa simu yake, jana yake usiku. Walimjibu kwamba haisomeki vizuri, ndiyo sababu alikuja kwangu.