Gitaa la koili moja likinguruma, geuka kwanza

Jumapili moja kanisani huku Kadutu, Bukavu, gitaa langu lilinguruma kuliko kwaya. Kabla hujakimbilia kubadili pikapu (kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa sauti), geuka. Kweli kabisa: sogea mita mbili au tatu kutoka kwenye ampli (kikuza sauti cha gitaa), zunguka polepole, utapata upande ambapo mngurumo unakaribia kufa. Koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya pikapu, inanasa mngurumo wa umeme wa nyumbani (50 Hz) kama antena, na transfoma ya ampli ndiyo jirani mbaya.

Sasa gusa nyuzi. Kelele ikipungua, kinga ya gitaa dhidi ya kelele za umeme ndiyo dhaifu: fungua gitaa, bandika karatasi ya shaba ndani ya shimo lote la pikapu na waya, vipande vigusane, kisha uiunganishe kwa risasi ya kulehemu na waya wa ardhi wa gitaa. (Mimi nilisahau kubandika kifuniko cha shimo, nikarudia kazi yote.) Shaba hukata mkwaruzo wa juu; mngurumo mzito wa transfoma haiuzuii.

Kwenye gitaa la pikapu tatu, ya katikati ikiwa imesukwa kinyume, na sumaku zake zimegeuzwa, swichi ya kuchagua pikapu kwenye nafasi ya 2 au ya 4 hunyamazisha karibu mngurumo wote. Usikimbilie kufunga kitufe cha toni, utaua mng'ao wa nyuzi nyembamba. Na pini ya ardhi ya ampli usiikate hata fundi akikushauri: nyuzi zinaweza kukupiga umeme.