Amplifaya ya valvu ikivuma, anza na volyumu

Kabla hujafungua amplifaya ndogo ya gitaa ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) inayovuma, shusha volyumu hadi sifuri. Mvumo ukikata, unaingilia kabla ya volyumu: badilisha waya wa gitaa kwanza. Ukibaki vilevile, shida iko baada ya volyumu, na mara nyingi ni kapasita za kuchuja umeme zilizochoka. Hizo, kwa umeme wetu wa hezi 50, huvuma kwa hezi 100, sauti yenye mkwaruzo. Kipimo hiki hudanganya pale valvu moja inapofanya kazi pande zote mbili za volyumu, kama valvu ya 12AX7 kwenye amplifaya ya Fender Champ ya zamani. Hapo jaribu valvu nyingine kwanza. Ndani usiguse: kapasita zinaweza kubaki na mamia ya volti hata plagi ikichomolewa.