Presha imepanda na mtu anaanza kuchanganyikiwa? Fanya hivi

Wapendwa, presha ikipanda sana kwa ghafla mishipa ya kwenye ubongo inazidiwa, maji yanavuja na ubongo unavimba, ndo maana mtu anaumwa kichwa balaa, anatapika, anaona ukungu, anaongea visivyoeleweka au anapata degedege kabisa.

Kama una mashine mpime akiwa amekaa, mkono usawa wa moyo, subiri kidogo rudia. Ikisoma 180/120 kwenda juu na dalili hizo zipo usingoje kesho, tafuta gari saa hiyo hiyo mpeleke hospitali. Mjamzito hata 140/90 tu, kama kichwa kinamuuma sana au macho hayaoni vizuri, mkimbize, inaweza ikawa ni kifafa cha mimba kinakuja.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea: msimpe vidonge mara mbili ya dozi yake wala kumwekea nifedipini (dawa ya kushusha presha) chini ya ulimi eti ishuke fasta. Presha ikiporomoka ghafla damu haifiki vizuri kwenye ubongo, anaweza kupata kiharusi. Hospitali wanaishusha kwa dawa ya mshipani taratibu, ndani ya saa la kwanza kwa kawaida hawaishushi zaidi ya asilimia 25 ya ilivyokuwa.

Akianza kutikisika mlaze ubavu, usimtie kijiko wala chochote mdomoni. Beba dawa zake zote, na kama aliacha kumeza mwambieni daktari ukweli, maana kuacha dawa ni chanzo kikubwa cha hii kitu, nawaomba sana msione aibu.